Taa za Nyuma za Gari Kuukuu: Jinsi ya Kubaini Hitilafu na Kuitengeneza kwa Usahihi

Taa za nyuma ni taa za gari ambazo dereva aliye kwenye usukani hazioni, wala haoni mwanga wake. Taa ya mbele ikizimika, barabara yenyewe humjulisha, kwa kuwa upande mmoja huingia giza. Taa ya nyuma ikizimika, anayeuona upungufu huo ni yule anayekuja nyuma, na mara nyingi huuona akiwa amekwisha kukaribia mno. Ndiyo maana gari linaweza kutembea kwa wiki kadhaa, hata miezi, bila taa moja ya breki, ilhali mmiliki wake anaamini kuwa kila kitu kiko sawa.

Tatizo hili huwapata zaidi wenye magari yaliyotumika kwa miaka mingi. Magari mengi mapya humwonya dereva kwenye dashibodi pindi balbu inapokufa. Mengi ya magari ya zamani, yakiwemo magari madogo yaliyotengenezwa Japani katika miaka ya 1990 ambayo bado yanaonekana kwa wingi katika barabara za Tanzania, ama hayana kifaa hicho, ama yanacho lakini hakifanyi kazi tena. Isitoshe, umri wa gari huleta kutu, nyaya zilizokakamaa na vioo vya taa vilivyopasuka. Kwa hiyo kubadilisha balbu pekee mara nyingi hakumalizi tatizo, na taa iliyotengenezwa leo huzimika tena baada ya siku chache.

Makala haya yanaeleza kazi ya kila taa ya nyuma, namna ya kuikagua, namna ya kusoma dalili za hitilafu, hatua za matengenezo ambazo mmiliki anaweza kuzifanya mwenyewe, na mahali ambapo kazi hiyo inapaswa kuachiwa fundi umeme wa magari.

Kazi ya kila taa

Nyuma ya gari dogo kuna taa za aina kadhaa, na kila moja ina ujumbe wake. Taa ndogo nyekundu huwaka pamoja na taa za mbele na kueleza kwamba hapa pana gari. Taa nyekundu za breki huwaka dereva anapokanyaga pedeli na kueleza kwamba gari linapunguza mwendo. Indiketa, ambazo aghalabu huwa na rangi ya chungwa, hueleza upande ambao gari linaelekea. Taa nyeupe za rivasi hueleza kwamba gari linarudi nyuma, na taa ndogo nyeupe huangaza kibao cha namba. Pamoja na hizo kuna viakisi mwanga vyekundu, ambavyo havihitaji umeme; hurudisha mwanga wa gari linalokuja hata kama gari lenyewe limezimwa. Magari mengi yana pia taa ya tatu ya breki iliyowekwa juu, kwenye kioo cha nyuma au kwenye mlango wa buti. Marekani iliifanya taa hiyo kuwa ya lazima kwa magari madogo kuanzia matoleo ya mwaka 1986, na baadaye nchi nyingine nyingi zikafuata.

Katika magari mengi ya zamani, taa ndogo nyekundu na taa ya breki hukaa ndani ya balbu moja yenye nyuzi mbili. Uzi mdogo hutumia wati 5, na uzi mkubwa hutumia wati 21. Tofauti hiyo ndiyo lugha ya taa za nyuma: dereva anayekuja hutambua kuwa gari la mbele linafunga breki kwa sababu wekundu aliokuwa akiuona umeongezeka ghafla. Tofauti hiyo ikipotea, ujumbe nao hupotea, hata kama balbu inawaka. Taa ya breki inayowaka kwa unyonge inaweza kudhaniwa kuwa taa ndogo ya kawaida.

Umuhimu wa mita chache

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri takriban mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akihitaji sekunde moja na nusu kutambua hatari na kuhamishia mguu kwenye breki, gari lake litakuwa limekwisha kwenda mita 33 kabla halijaanza kupunguza mwendo. Kwenye lami kavu, na breki zikiwa nzima, litahitaji takriban mita 35 nyingine hadi lisimame. Jumla inakaribia mita 70.

Usiku, dereva aliyeshusha taa zake ili asimwumize macho anayepishana naye huona vizuri umbali wa takriban mita 40 hadi 60 tu. Hesabu hiyo inaonyesha wazi kwamba gari lisilo na taa wala viakisi nyuma, likiwa limesimama au linakwenda polepole, huonekana wakati nafasi ya kusimama imekwisha kupita. Taa ya nyuma inayofanya kazi huonekana kwa mamia ya mita. Balbu ya bei ndogo ndiyo humpa mwenzake muda wa kuamua.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ambayo ilitungwa mwaka 1973, inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali nzuri, na taa ni sehemu ya hali hiyo. Askari wa Kikosi cha Usalama Barabarani wana mamlaka ya kusimamisha gari na kulikagua. Hata hivyo, ukaguzi wa askari hauwezi kuchukua nafasi ya ukaguzi wa mmiliki, kwa kuwa taa inaweza kuzimika dakika kumi baada ya gari kuruhusiwa kuendelea na safari.

Ukaguzi wa dakika tano

Njia rahisi ni kumwomba mtu asimame nyuma ya gari wakati dereva anawasha taa moja baada ya nyingine: taa ndogo, breki, indiketa ya kushoto, indiketa ya kulia, taa za dharura na rivasi. Gari linapowekwa gia ya rivasi, msaidizi asimame pembeni wala si nyuma moja kwa moja, na breki ya mkono iwe imevutwa.

Dereva aliye peke yake anaweza kusogeza gari kinyumenyume karibu na ukuta wakati wa magharibi, kisha akatazama kwenye vioo vya pembeni. Mabaka mawili ya mwanga mwekundu yataonekana ukutani. Yanapaswa kulingana kwa ukali, na yote mawili yanapaswa kuongezeka kwa dhahiri breki inapokanyagwa. Simu iliyoegeshwa mahali salama na kurekodi video inaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba taa zikaguliwe pia zikiwa zinawaka kwa pamoja. Taa nyingi mbovu hufanya kazi vizuri zikijaribiwa moja moja, lakini hudhoofika taa ndogo, breki na indiketa zinapowaka kwa wakati mmoja. Hiyo ni dalili muhimu, na sababu yake inaelezwa hapa chini.

Kusoma dalili

Kabla ya kufungua chochote, ni vyema dalili isomwe kwanza. Dalili iliyosomwa vizuri humwepusha mmiliki na gharama ya kununua kifaa kisichohitajika.

Taa moja imezimika na nyingine zote ni nzima: sababu huwa ni balbu, au soketi inayoishika balbu hiyo.

Indiketa inapepesa kwa kasi kuliko kawaida: katika magari mengi, hiyo ni ishara kwamba balbu moja ya indiketa ya upande huo imekufa.

Taa zote za upande mmoja ni hafifu, au breki ikikanyagwa indiketa ya upande huo nayo hutoa mwanga, au taa ndogo huzimika: tatizo huwa ni waya wa hasi, ambao mafundi huuita ethi. Waya huo hurudisha umeme kwenye bodi ya gari na hatimaye kwenye betri. Ukishika kutu au kulegea, umeme uliokwisha kupita kwenye balbu ya breki hukosa njia ya kurudi, hivyo hujipenyeza kupitia nyuzi za balbu za jirani. Matokeo yake ni taa zinazowaka kwa mchanganyiko usioeleweka.

Taa zote za breki zimezimika, lakini taa ndogo ni nzima: fyuzi ya breki imeungua, au swichi iliyo juu ya pedeli ya breki imekufa. Katika baadhi ya magari ya gia otomatiki yenye mfumo wa kufunga gia, rungu la gia hugoma kutoka kwenye P kwa sababu hiyohiyo.

Taa ndogo zote za nyuma zimezimika pamoja na taa ya kibao cha namba: fyuzi au rilei ya taa ndogo inapaswa kuchunguzwa. Katika magari mengi, fyuzi hiyo hulisha pia mwanga wa dashibodi. Kwa hiyo dereva anayeona usiku kwamba dashibodi yake imeingia giza asipuuze. Huenda nyuma ya gari nako kumeingia giza.

Taa za breki haziwahi kuzimika: mara nyingi raba ndogo iliyo kwenye mkono wa pedeli, inayobonyeza swichi, imekauka na kumomonyoka. Balbu mbili za wati 21 hutumia takriban ampea 3.5, hivyo betri ya ampea-saa 45 inaweza kumalizika kabisa katika muda wa saa 13, na itashindwa kuwasha injini kabla ya hapo. Mmiliki anayekuta betri imekufa kila asubuhi atazame kwanza nyuma ya gari lake kabla ya kununua betri mpya. Zaidi ya hasara hiyo, taa ya breki isiyozimika haimwambii chochote anayekuja nyuma.

Taa huwaka na kuzimika mlango wa nyuma unapofunguliwa au gari linapopita kwenye mashimo: waya umekatika ndani ya mpira unaotoka kwenye bodi kuingia kwenye mlango, karibu na bawaba.

Vifaa na tahadhari

Kazi nyingi za taa za nyuma huhitaji bisibisi, spana ndogo, msasa laini, tepu ya umeme, taa ya kupimia umeme au multimita, na balbu za akiba. Multimita humpa fundi uhakika zaidi kwa kuwa huonyesha kiasi cha volti na si kuwepo kwake tu.

Gari liegeshwe mahali tambarare, lizimwe, ufunguo utolewe na breki ya mkono ivutwe. Balbu iliyokuwa ikiwaka iachwe ipoe, kwani kioo chake huunguza. Inapolazimu kukata au kuunga nyaya, waya wa hasi wa betri ufunguliwe kwanza ili kuzuia shoti. Ni muhimu pia kuhakikisha mfumo wa gari ni wa volti 12, kama ilivyo kwa magari madogo. Malori na mabasi makubwa kwa kawaida hutumia volti 24, na balbu zake hazibadilishani na zile za magari madogo hata kama kitako kinafanana.

Hatua za matengenezo

Balbu. Katika magari mengi, balbu za nyuma hufikiwa kupitia kifuniko kilicho ndani ya buti. Katika mengine, taa nzima hutolewa kwa kufungua skrubu mbili au tatu. Soketi huzungushwa kidogo na kuvutwa nje. Balbu iliyokufa huonyesha uzi uliokatika au kioo kilichoingia weusi. Balbu mpya iwe na namba ileile iliyoandikwa kwenye kitako cha ile ya zamani. Balbu ya nyuzi mbili yenye kitako cha chuma ina vijino viwili visivyolingana kwa kimo, ili iingie kwa namna moja tu. Ikigoma kuingia, igeuzwe, isilazimishwe. Balbu iliyolazimishwa, au ya uzi mmoja iliyowekwa mahali pa nyuzi mbili, inaweza kuunganisha njia mbili za umeme zisizopaswa kukutana, kisha taa ndogo na taa ya breki zikachanganyikana.

Soketi. Balbu mpya isipowaka, soketi ikaguliwe. Kutu ya kijani au nyeupe kwenye vidole vya shaba huzuia umeme. Kutu nyepesi isuguliwe kwa msasa laini hadi shaba ing'ae, vumbi lipulizwe, na mafuta ya mgando kidogo yapakwe ili kuzuia unyevu. Vidole vilivyolala viinuliwe taratibu ili viibane balbu. Soketi iliyoyeyuka kwa joto haitengenezeki, ibadilishwe. Katika miji ya mwambao kama Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, ambako upepo hubeba chumvi, kutu ya aina hii hujirudia, hivyo kusafisha soketi mara moja kwa mwaka kabla ya masika ni kinga nafuu.

Waya wa hasi. Hapa ndipo hitilafu nyingi za magari kuukuu hujificha. Waya huo, ambao mara nyingi huwa mweusi au mweupe wenye mstari mweusi, hufungwa kwa skrubu kwenye bati la bodi karibu na taa. Skrubu ifunguliwe, rangi na kutu viondolewe hadi bati lionekane, kichwa cha waya kisafishwe, kisha kifungwe tena kwa nguvu na kupakwa mafuta ya mgando. Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi: taa zote za nyuma zikiwa zinawaka, ncha moja ya multimita iguse sehemu ya hasi ya soketi, na nyingine iguse hasi ya betri kwa kutumia waya mrefu. Ethi nzuri huonyesha volti chache mno, zisizozidi takriban 0.2. Ikionyesha volti moja au zaidi, njia ya kurudi umeme bado ni mbovu.

Upotevu huo wa volti si jambo dogo. Mwanga wa balbu ya kawaida hupungua kwa kasi kubwa kuliko volti zenyewe. Balbu ya volti 12 inayopata volti 10.5 hutoa chini ya theluthi mbili ya mwanga wake. Mmiliki huona taa inawaka akaridhika, lakini anayekuja nyuma huona wekundu dhaifu usiotofautika na vumbi la barabarani.

Fyuzi. Nafasi ya fyuzi huonyeshwa kwenye kifuniko cha kisanduku chake. Kwa fyuzi za vijembe, nyekundu ni ya ampea 10, ya bluu ni ya ampea 15, na ya manjano ni ya ampea 20. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile. Ikiungua tena papo hapo, ipo shoti mahali fulani, na kazi inayofuata ni kuitafuta shoti hiyo.

Swichi ya breki. Swichi hii huwa juu ya mkono wa pedeli. Ikiwa ina nyaya mbili tu, plagi yake inaweza kuchomolewa na matundu mawili ya plagi yakaunganishwa kwa muda kwa kipande cha waya. Taa za breki zikiwaka, nyaya na balbu ni nzima na swichi ndiyo mbovu. Ikiwa ina nyaya nne, huenda inahudumia pia mifumo mingine ya gari, na jaribio hilo liachiwe fundi. Swichi mpya irekebishwe hadi taa ziwake pedeli inapoguswa kidogo na zizimike inapoachiwa. Raba ya pedeli iliyomomonyoka ibadilishwe. Ni kipuri kidogo kinachowekwa kwa mkono.

Nyaya za mlango wa nyuma. Mpira uliofunika nyaya kwenye bawaba uvutwe taratibu na kila waya ukaguliwe. Waya unaweza kuonekana mzima kwa nje huku shaba yake ikiwa imekatika ndani. Kiungo kifanywe kwa kulehemu kwa risasi au kwa kiunganishi kinachobanwa, kisha kifunikwe vizuri, na kiwekwe mbali na sehemu inayojikunja. Nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu tu hulegea kwa mtikisiko wa barabara.

Kioo cha taa. Kioo kilichopasuka huingiza maji, na maji ndiyo chanzo cha kutu iliyotajwa hapo juu. Aidha, mwanga mweupe unaotoka kwenye ufa humchanganya anayekuja nyuma, naye anaweza kudhani kuwa gari linarudi. Tepu nyekundu inayopitisha mwanga inaweza kuhifadhi taa kwa siku chache, lakini suluhisho ni kubadilisha kioo au taa nzima. Anayenunua taa iliyotumika alinganishe namba iliyochapwa kwenye kioo, ahakikishe ni ya upande husika, na atazame kama kiakisi mwanga chake hakijafifia. Raba ya kuzuia maji isiachwe, na matundu madogo yaliyowekwa chini ya taa kwa ajili ya kutoa unyevu yasizibwe kwa gundi.

Mambo ya kuepukwa

Fyuzi isibadilishwe kwa kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Ikiondolewa, waya ulio chini ya zulia la gari huchukua nafasi yake, na moto unaweza kuanza mahali pasipoonekana. Kwa sababu hiyohiyo, fyuzi ya ampea 10 isipandishwe kuwa ya 20.

Kioo cha taa kisipakwe rangi wala kubandikwa karatasi nyeusi kwa ajili ya urembo. Balbu ya nyuma isibadilishwe kuwa nyeupe au ya bluu mahali panapostahili wekundu. Ikiwa mmiliki anataka balbu za LED, azingatie mambo mawili. Balbu hizo hufikia mwanga kamili haraka kuliko balbu za uzi, kwa tofauti ya takriban sekunde 0.2, na hiyo ni faida ya zaidi ya mita nne kwa gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Hata hivyo, taa ya zamani ilisanifiwa kwa uzi uliokaa mahali maalumu, hivyo LED isiyolingana nayo inaweza kung'aa sana katikati na kutoonekana kutoka pembeni. Indiketa nazo zinaweza kupepesa kwa kasi, kwa kuwa kifaa kinachoziongoza hudhani balbu imekufa.

Wakati wa kumwona fundi

Fyuzi inayoungua mara kwa mara, nyaya zilizoungua au kuyeyuka, swichi yenye nyaya nyingi, na gari lililowahi kugongwa nyuma au kuingiwa na maji ni mambo ya fundi umeme wa magari. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hutoa mafunzo ya fani hiyo, na mmiliki ana haki ya kuuliza ujuzi wa anayekabidhiwa gari lake.

Mteja amtake fundi aeleze chanzo cha hitilafu na si kifaa kilichobadilishwa tu, amwonyeshe kifaa kilichotolewa, na awashe taa zote kwa pamoja kabla ya malipo. Fundi anayesema "balbu ilikufa" kwa mara ya tatu katika mwezi mmoja hajakitafuta chanzo. Balbu inayokufa mara kwa mara inaweza kuwa inatikisika kwenye soketi iliyolegea, au inapata volti kupita kiasi kutokana na mfumo wa kuchaji. Injini ikiwa inaunguruma, betri ya gari dogo kwa kawaida husoma kati ya volti 13.5 na 14.5.

Taa zikizimika safarini usiku

Dereva anayegundua kuwa taa zake za nyuma zimekufa usiku anapaswa kutoka barabarani kabisa mahali pa kwanza palipo salama, kuwasha taa za dharura ikiwa zinafanya kazi, na kuweka pembe tatu zinazoakisi mwanga nyuma ya gari kwa umbali utakaompa anayekuja nafasi ya kupunguza mwendo. Abiria wasimame mbali na barabara. Matawi ya miti, ambayo baadhi ya madereva huyatandika barabarani kama ishara, hayaakisi mwanga. Huonekana yakiwa karibu sana, na yakiachwa baada ya gari kuondoka huwa hatari mpya kwa waendesha pikipiki na baiskeli.

Kuifuata gari jingine kwa karibu ili kutumia taa zake si suluhisho, kwa kuwa anayekuja nyuma bado haoni kitu. Balbu mbili za akiba, fyuzi chache na bisibisi moja huenea katika kikasha kidogo ndani ya gari, na zinaweza kuyamaliza mengi ya matatizo haya kwa robo saa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika taa za nyuma za gari kuukuu, ufa huo ni kutu kwenye skrubu moja, raba iliyomomonyoka kwenye pedeli au waya uliochoka kwenye bawaba. Gharama yake ni ndogo ikishughulikiwa mapema. Wamiliki na madereva wanashauriwa kuzikagua taa hizo angalau mara moja kwa wiki, na kila mara kabla ya safari ndefu, wakikumbuka kwamba usalama wao unategemea taa ambazo wao wenyewe hawazioni.